Nilivyopoza Maji ya Molly

Mwanga uliingia kwa dirisha lako, Molly, ukapita kwenye kioo, ukapita kwenye maji, ukaenda kucheza ukutani. Haukukaa mahali pamoja. Ulipanda, ukashuka, ukatetemeka juu ya udongo niliousiriba kwa mikono yangu miwili, na ndani ya mwanga ule vikapita vivuli vitatu vidogo, vivuli vya samaki wako. Nilisimama mlangoni na ndoo ya maziwa mkononi. Kitanda umebeba, jiko umebeba, kalenda umeng'oa pamoja na msumari wake. Umeacha mwanga, na samaki.

Ukaniachia samaki, mimi! Mimi Rodah, mzaliwa wa Ndanai, niliyekulia nyuma ya mkia wa ng'ombe. Mama yangu akipita penye samaki sokoni alijifunika pua kwa leso akavuka barabara, na mimi nyuma yake navutwa mkono. Sijawahi kumgusa samaki, wa maji wala wa mafuta. Hilo ulilijua vizuri. Ulilijua, ukacheka, ukaniachia.

"Mama Kipyegon," ulisema, mguu mmoja umeshaingia kwenye pikapu iliyobeba vitu vyako, "hawa hawana maneno mengi kama mimi. Wape makombo ya mkate, wabadilishie maji kidogo kidogo. Pasaka nakuja kuwachukua."

"Na wakifa?"

"Yawa! Wafe kwa nini? Huku kwenu kuna baridi nzuri."

Pikapu ikashuka kuelekea Chepilat. Vumbi likainuka, vumbi likakaa juu ya majani chai pande zote mbili za njia. Ulipunga mkono mpaka kona. Mimi sikupunga, maana nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika mikono yangu hukaa chini ya aproni.

Ulikuja kwangu ukiwa karani wa kituo cha majani, yule wa kusimama kwenye mizani, yule wa kuwatania watu wazima kwamba wamechuma majani magumu ya kulisha mbuzi. Ukapanga chumba changu cha nje Kipyegon wangu akiwa bado anavaa kaptura ya shule. Ukakaa humo mpaka Kipyegon akaenda jeshini, mpaka baba yake akafa, mpaka sauti yako ikawa ndiyo saa ya boma langu. Nikisikia "Hodi, chai iko?" nilijua jua limekwisha, nikaongeza maji kwenye sufuria. Halafu kiwanda kikapunguza watu. Halafu mama yako kule ziwani akaanguka, akawa hawezi kujigeuza kitandani. Ukaenda. Sikulaumu, mama ni mama.

Na hawa samaki, hata hukuwanunua. Ulipewa na binamu yako, mtunza bustani kwenye nyumba ya meneja mmoja huko mashamba makubwa, siku bwawa la maua lilipofukiwa kwa kuogopa mbu. Aliwaleta ndani ya mkebe wa rangi, wakiwa rangi ya machungwa, mikia kama vitambaa. Fundi wa madirisha wa Sotik akakutengenezea sanduku la vioo, akalishikanisha kwa puti, likawa zito, na likijaa maji halisogei hata wanaume wakiimba.

Samaki wako, Molly. Kila asubuhi niliwatupia makombo nikisema hivyo hivyo: haya, samaki wa Molly, kuleni, mwenyewe anakuja Pasaka. Nisikudanganye, sikuwapenda. Niliwatunza kama mtu anavyotunza sufuria ya jirani, kwa sababu jirani lazima arudi kuchukua sufuria yake. Na ukirudi utakaa. Utakunywa chai. Utaniambia nani ameoa na nani ametoroka, na utacheka mpaka kuku watoke chini ya ghala. Lakini wakifa, utarudi kufuata nini? Mtu hapandi gari kutoka ziwani kufuata mwanamke mzee mwenye ng'ombe mmoja na ulimi mkali.

Ndiyo maana nilitaka waishi. Sasa unajua.

*

Halafu jua likaja.

Ulikuwa ule mwaka wa jua, kabla ya El Niño kuja kubeba madaraja. Huku kwetu baridi ndiyo mwenyeji. Sisi ni watu wa sweta, watu wa mvua ya mawe, watu wa kuota moto jikoni hata Krismasi. Joto kwetu ni mgeni, huja, hunywa maji, huenda. Mwaka ule mgeni alivua viatu akalala. Januari ikapita bila tone. Februari ikaingia, na majani chai yakawa mekundu ncha zote, yakavunjika mkononi. Kijito kikapungua hata ng'ombe akawa anapiga magoti kunywa. Mchana mabati yalilia peke yake, ta, ta, ta, na boma lote likanyamaza kuyasikiliza.

Nikaingia chumbani kwako, nikatia kidole kwenye maji. Weh! Yalikuwa ya kuogesha mtoto. Samaki wako walikuwa juu kabisa, midomo nje, pwa, pwa, pwa. Nikafikiri ni njaa. Nikawatupia mkate, ukaelea, wakaupita.

Sasa mimi, Molly, joto la samaki silijui. Lakini joto la maziwa nalijua tangu sijaota meno ya mbele. Maziwa ya jioni huyalazi hivi hivi. Unayatia kwenye mkebe, unafunika kifuniko mpaka kilie, unauzungushia gunia bichi, unausimamisha kijitoni penye kivuli. Asubuhi Benard akija na baiskeli yake ya kubeba maziwa, akinusa, hana neno. Maishani mwangu Benard hajawahi kunirudishia maziwa.

Basi nikawafanyia samaki wako kama maziwa. Kwanza nikaziba dirisha kwa blanketi, na ule mwanga ukutani ukafa. Niliuonea huruma, lakini nikauzima. Nikazungusha magunia mabichi pande zote nne za kioo. Juu nikaweka ubao, juu ya ubao gunia, juu ya gunia jiwe. Nikafunga kwa kamba ya katani, nikavuta mpaka ikalia. Nikaenda kuchuma kile kidogo kilichobaki shambani, nikijisifu njia nzima. Mkipsigis anapoza samaki! Molly akija atashangaa.

Nilirudi jua likiegemea kilima. Nikaondoa jiwe, nikaondoa gunia, nikaondoa ubao. Maji yalikuwa yamepoa kweli. Yamepoa vizuri, hata maziwa yangekaa siku mbili. Na samaki mmoja alikuwa ametazamisha tumbo lake juu.

Maziwa hayapumui, Molly. Nani angeniambia?

Nikamtoa kwa kijiko cha ugali, uso nimegeuza, pua nimeziba kama mama. Nikamzika kati ya mistari miwili ya chai. Nikamwambia pole. Nilijiona mjinga kusema pole kwa samaki, nikasema tena.

Wale wawili waliobaki walikuwa juu, pwa, pwa, polepole kuliko mwanzo. Nikakaa kwenye kigoda nikawatazama, nikawagombeza kwa Kipsigis, nikawagombeza kwa Kiswahili ili waelewe. Mnataka nini? Nikifunika mnakufa. Nisipofunika mnaiva. Ni kitu gani hiki kinachopozwa wazi, kinachopozwa kwa hewa?

Kiganja kilikumbuka kabla ya kichwa. Kilichukua jagi, kikachota, kikainua mpaka juu ya sikio langu, kikamimina. Uzi mrefu wa maji ukashuka, ukatoboa maji, mapovu yakaruka. Kikachota tena. Kikainua tena. Kikamimina.

Chai. Ni chai hupozwa hivyo.

Ni chai ya Kipyegon, asubuhi ya shule, amechelewa, analia kwamba itamchoma, na mimi na vikombe viwili, kutoka huku kwenda huku, kutoka juu kwenda chini, fuuu, mpaka moshi uishe, shika baba, kunywa, kimbia. Miaka mingapi sijampozea mtu chai? Wewe uliinywa ya moto, ulimi wako ni wa bati. Mkono wangu ulikuwa umekaa bure mpaka ukadhani kazi hiyo imekufa. Sasa ukachota, ukainua, ukamimina, na mimi nikaufuata tu kama mtoto.

Nikachota mpaka bega likawaka moto. Na samaki wako, Molly, waliacha kupiga midomo. Walishuka. Mmoja, halafu wa pili, wakaenda chini kwenye mawe yao, wakatulia, wakapunga mikia.

Nililia. Wacha nilie, nani alikuwa ananiona?

*

Tangu hapo kila mchana ulikuwa wao. Jua likipita juu ya ule mti mrefu wa langoni, mimi naingia na jagi langu. Nachota, nainua, namimina. Maji ya kijitoni nayalaza kwanza kwenye kivuli, nayaongeza kikombe kwa kikombe, wasishtuke. Magunia mabichi yako pande tatu, upande wa nne uko wazi ili tuonane. Nikapanda ngazi mwenyewe, na umri huu, nikatandaza majani ya migomba juu ya bati lako. Barabarani watu walisimama kutazama.

"Mama Kipyegon," Benard akaniita kutoka kwenye baiskeli, "hao ng'ombe wako wa majini utawakamua lini?"

"Siku utakayojua kunyoosha hiyo shati."

"Na maziwa yao ni ya rangi gani?"

"Benard! Enda! Maziwa yanaganda!"

Akaenda akicheka. Nami nikabaki nikicheka kidogo, halafu kicheko kikaisha, na boma likawa lile lile.

Sikuenda tena maombi ya akina mama, kwa kuwa ni mchana. Sikuenda harambee ya kanisa, kwa kuwa ni mchana. Tecla, mwenyekiti wetu, akaja mwenyewe kunitafuta, akanikuta humu gizani na jagi, jasho linatiririka.

"Rodah, nimekusikia kutoka kwa lango. Unaongea na nani?"

"Na samaki."

"Wanajibu?"

"Wanajibu kuliko Kipyegon."

Tecla hakucheka. Alikaa kidogo, akatazama maji, akaniombea, akaenda. Aliniombea mimi, Molly. Samaki hakuwataja, nikaona hiyo si haki.

Lakini ni kweli nilikuwa naongea. Mtu akiinua jagi mchana mzima lazima aseme kitu. Niliwaambia chai imeungua mpaka kwa rafiki yangu Bilhah, kule ng'ambo ya mpaka wa wilaya. Niliwaambia ng'ombe amepunguza maziwa. Niliwaambia Kipyegon alisema atakuja mwezi wa kumi na mbili, na mwezi wa kumi na mbili ukaja bila yeye. Niliwaambia mambo ambayo wewe sikukuambia, kwa vile ulikuwa unapenda kucheka na mengine hayachekeki. Kwamba tangu mzee wangu afe nalalia upande wangu tu wa kitanda. Kwamba jioni, ile saa ya "Hodi, chai iko?", bado naongeza maji kwenye sufuria, halafu namwagia kuku yaliyozidi. Walisikiliza. Walifungua midomo na kufunga, kama watu kanisani ambao hawajui maneno ya wimbo.

Na kila siku nikimaliza nilisema: vumilieni, samaki wa Molly. Pasaka iko karibu.

*

Wiki ya kabla ya Pasaka nikashuka Chepilat asubuhi na mapema, nirudi kabla jua halijawa kali. Nilimtafuta Owino, yule anayeleta omena, dagaa wakavu wa ziwani, kutoka kwenu na kuitandaza kwenye gunia mbele ya duka la mbegu. Nilisimama mbali kidogo na omena yake. Mazoea hayaishi kwa siku moja.

"Mama Kipyegon! Salamu zako ninazo. Molly anakusalimu sana sana."

"Anakuja siku gani? Ijumaa ama Jumamosi?"

Owino akakuna shingo. "Hiyo ndiyo sijui niseme aje. Mamake amezidiwa. Na yeye amefungua kibanda pale kwao, anauza mafuta ya taa na sabuni, anaendelea vizuri. Anasema Pasaka haitawezekana. Anasema kwa kweli, huku juu ni mbali."

"Basi anakuja lini?"

"Mama, sikusikia akisema anakuja."

Mtu akapita na toroli. Nikangoja ipite.

"Na samaki?"

"Samaki gani?"

"Samaki wake. Alisemaje juu ya samaki wake?"

Owino akatazama omena yake, akanitazama mimi, masikini, hajui amekosea wapi. "Mama, samaki hakutaja. Nikupimie?"

Samaki gani!

Nilipanda ile njia kama mtu anayefukuzwa. Samaki gani! Bega langu halilali, nalala nalo kama mtoto mgonjwa, na yeye hakutaja. Kanisani wananiombea kama mwenye pepo, na yeye hakutaja. Anauza sabuni. Anaendelea vizuri. Huku juu ni mbali! Ulipokuwa unashuka na pikapu haikuwa mbali. Nilikulaani, Molly, ujue. Nilikulaani kutoka Chepilat mpaka langoni, halafu nikaomba Mungu asisikie, halafu nikakulaani tena.

Jua likafika juu ya ule mti wa langoni. Sikuchukua jagi.

Nilipika chai. Nilipika chai yangu, nzito, ya maziwa matupu, nikaibeba na birika na vikombe mpaka chumbani kwako, si kwa ajili yao. Nilienda kuchukua mali yangu. Blanketi ni langu, nikaling'oa dirishani, jua likaingia lote. Magunia ni yangu, nikayavua, nikayatupa nje. Nikageuza kigoda, nikakaa, mgongo nimewapa. Wafe. Si wa mtu. Hata mwenyewe hawajui.

Nikamimina chai. Ilikuwa ya moto, haishikiki. Na mkono wangu, mkono huu usiosikia, ukachukua kikombe cha pili, ukainua cha kwanza mpaka juu ya sikio, ukapoza. Fuuu. Kutoka huku kwenda huku. Fuuu.

Mbele yangu ukutani ulikuwa umerudi ule mwanga. Nilikuwa nimeusahau. Ulipanda, ukashuka, ukatetemeka juu ya udongo wangu. Katikati yake kilikuwa kivuli changu, kibonge, na vikombe vyake viwili. Na nilipomimina tena, nikaona vivuli viwili vidogo vinakuja. Vilitoka mbali kwenye kona ya mwanga, vikaja mbio, vikaja moja kwa moja, vikasimama kando ya kivuli cha mkono wangu. Nikaacha kumimina, vikangoja. Nikamimina, vikachezacheza.

Nikageuka. Walikuwa wamebandika midomo kwenye kioo, upande wangu, mikia inapiga. Walikuwa wamesikia mlio. Hawakujua kwamba ni chai. Walijua kwamba ni mimi.

Molly, tangu Kipyegon apande lori la jeshi hakuna kitu chochote duniani kilichokimbia kwa kusikia mimi nakuja. Ng'ombe hugeuka, ndiyo, lakini ng'ombe hutazama ndoo.

Nikaweka vikombe chini. "Basi," nikawaambia, "basi, nimesikia, msinipigie kelele." Nikarudisha magunia, hata mimi najua aibu ya kuokota kitu ulichotupa. Nikachukua jagi. Nikachota, nikainua, nikamimina, na machozi yakaingia humo humo, sijui kama ni mabaya kwa samaki.

Siku ya soko nitashuka tena kwa Owino. Nitamwambia akusalimu, akuambie mama yako naye namwombea, akuambie nimekasirika na hasira yangu iko palepale ukiitaka. Akuambie chumba hiki sikipangishi, kina wenyewe. Na akuambie samaki wangu hawajambo, wawili, wanakula. Ukimuuliza samaki gani, amepewa jibu: samaki wa Rodah.

Mchana ule blanketi nililiacha chini mpaka jioni, nikawakinga kwa leso yangu ili wapate kivuli na mimi nibaki na mwanga kidogo. Chai yangu ikapoa sakafuni, ikafanya ngozi, sikuinywa. Nilikuwa napoza maji. Ukutani mwanga ulitetemeka, ukapanda, ukashuka, na ndani yake vivuli vilikuwa vitatu tena: viwili vyao, na kimoja changu.